Hotuba Juu ya Usalama wa Sindano na Vyombo Vyake

 

Ni vigumu kuipata nyumba katika mji wa Busia, upande wa Uganda au upande wa Kenya, ambayo haijapata kumpeleka mtu kupigwa sindano. Mtoto hupelekwa kuchanjwa. Mgonjwa aliyezidiwa na malaria hutiwa dawa ya artesuneti kwa sindano. Mwenye kisukari hujidunga insulini nyumbani kwake. Haji naye, kabla ya kusafiri kwenda Makka, hutakiwa awe amechanjwa kinga ya homa ya uti wa mgongo. Sindano imeokoa roho nyingi, walakini chombo hicho hicho kikitumiwa vibaya huweza kumtia mtu ugonjwa ambao hakuja nao. Basi swali lifaalo kuulizwa ni hili: je, usalama wa mgonjwa utegemee uangalifu wa mkono peke yake, au chombo chenyewe nacho kiundwe kwa namna ya kumzuia mtu asikosee?

Swali hilo lina historia yake katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wawili, Harriet Birungi na Susan Reynolds Whyte, walichunguza jinsi watu wa Uganda walivyotumia sindano, hasa Busoga na Ankole. Bibi Whyte alikuwa amekwisha kuishi miaka ya nyuma kati ya Wanyole, ambao nchi yao ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo na sasa ni wilaya ya Butaleja. Wachunguzi hao waliona kwamba nyumba nyingi zilikuwa na bomba la sindano na sindano zake, zikiwekwa kama vyombo vingine vya nyumbani. Sababu yake ilikuwa hofu. Ukimwi ulikuwa umeenea, na watu hawakuziamini tena sindano za zahanati zilizokwisha kupita katika miili ya watu wasiowajua. Kila mwenye nyumba aliona heri kuwa na bomba lake mwenyewe.

Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na akili ndani yake. Lakini bomba moja likitumiwa na baba, mama na watoto bila kuchemshwa sawasawa, hatari imehamishwa tu kutoka zahanati na kuletwa nyumbani. Mtu huikimbia damu ya mgeni, akasahau kwamba damu ya ndugu nayo yaweza kuwa na ugonjwa.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa makadirio yake, katika mwaka 2010 watu hadi 1,700,000 duniani walipata ugonjwa wa ini wa aina ya B kwa ajili ya sindano zisizo salama, watu hadi 315,000 wakapata ule wa aina ya C, na watu wapatao 33,800 wakapata virusi vya Ukimwi.

Dawa ya kwanza ya msiba huo ilikuwa ni bomba lisilokubali kutumiwa mara mbili. Mwingereza mmoja, Marc Koska, alisoma gazetini mwaka 1984 kwamba sindano zitaueneza Ukimwi, akaanza kubuni bomba la namna hiyo. La kwanza liliuzwa mwaka 2001. Siri yake ni nyepesi. Mchi wa bomba ukisukumwa hadi mwisho hujifunga, na mtu akijaribu kuuvuta tena kwa nguvu huvunjika. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalihimiza kwamba chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga ifikapo mwisho wa 2003. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilihimiza mabomba salama yatumiwe kwa matibabu pia, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi tatu za kuanzia, pamoja na Misri na India. Leo mabomba ya namna hiyo hutengenezwa hata Kilifi, katika pwani ya Kenya.

Dawa ya pili ni mpya zaidi, nayo ni chombo kinachotambua kwamba kimegusa ngozi. Katika vyombo vya kujidunga mwenyewe, sindano hufichwa ndani, isionekane wala isimchome mtu kwa bahati mbaya. Vilivyo vingi hutumia springi: mdomo wa chombo usipokandamizwa juu ya mwili, dawa haitoki. Vingine hutumia umeme mdogo. Mdomoni huwekwa vipande vya madini vyenye chaji ndogo, na kwa kuwa mwili wa mtu hupokea umeme, ngozi ikikaribia chaji ile hubadilika. Chombo hutambua badiliko hilo, na ndipo tu hukubali kufanya kazi. Mtu akikiondoa upesi, chombo kilichoundwa vizuri huirudisha sindano ndani au huonya.

Wabunifu wana mambo ya kuyapima. Jasho na nguo yenye maji huweza kukidanganya kitambuzi, kwa hiyo hufaa viwekwe zaidi ya kimoja kuuzunguka mdomo, ili chombo kijue kwamba kimekaa wima na hakikuinama upande. Tena betri na gharama ni mzigo kwa zahanati ndogo. Kwa sababu hiyo, bomba la plastiki linalojifunga litaendelea kuwa ngao ya wengi mpakani, na kile chenye kitambuzi kitawafaa zaidi wanaojidunga nyumbani.

Pia kitambuzi huijua ngozi. Hakijui kilichoko chini yake. Katika wilaya ya Kumi, kaskazini ya Tororo, waganga wamewapokea watoto wengi ambao miguu yao ilipooza au misuli yao ya matako ilikakamaa baada ya kudungwa sindano matakoni, nyingi zikiwa za kwinini. Sindano hizo ziligusa ngozi sawasawa, lakini zilimdhuru mtoto mahali pasipoonekana. Chombo chema humsaidia mwenye ujuzi. Hakiwezi kukaa mahali pake.

Basi yako mambo ambayo kila mzazi aweza kuyatenda bila gharama. Kwanza, amwulize mganga kwa adabu kama dawa ya kumeza haitoshi. Pili, aombe pakiti mpya ifunguliwe mbele ya macho yake. Tatu, mtoto mchanga akichanjwa kwa sindano ya msuli, mahali pafaapo ni paja kwa upande wa mbele na nje, wala si matako. Nne, sindano iliyotumika isitupwe jaani wala shimoni watoto wachezapo. Itiwe katika sanduku lake mara moja, bila kurudishiwa kifuniko.

Wazee wa zamani waliweka bomba nyumbani kwa kuwa walitaka kuwalinda watoto wao. Nia yao ilikuwa njema. Kilichopungua kilikuwa chombo. Sasa chombo kipo, na wajibu wa wanaowafuata ni kukidai na kukitumia kama ipasavyo.