Uchovu Usiokwisha Si Uvivu

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa kata za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchikichini



Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ambayo jina lake halisikiki sana mitaani kwetu. Wataalamu huyaita maradhi ya uchovu sugu. Jina hilo linaweza kutupoteza, kwa maana hapa Kariakoo ni nani asiyechoka? Mvuta mkokoteni huchoka, mama lishe aliyeamka saa tisa usiku huchoka, na machinga anayesimama Mtaa wa Kongo tangu asubuhi hadi jioni huchoka. Lakini uchovu huo huondoka mtu akishakula na kulala. Huu ninaousemea leo hauondoki kwa usingizi.

Dalili zake ni hizi. Kwanza, mtu aliyekuwa akifanya kazi zake vizuri hupungukiwa nguvu kwa kiasi kikubwa, na hali hiyo ikadumu miezi 6 au zaidi. Pili, hulala usiku kucha akaamka kana kwamba hakulala. Tatu, akili huwa nzito: husahau chenji aliyotoa au hesabu aliyokuwa akiipiga. Nne, akisimama hupata kizunguzungu, moyo hudunda kwa kasi na macho huingia giza. Akilala chini hupata nafuu.

Dalili ya tano ndiyo inayoyatenga maradhi haya na uchovu mwingine: mgonjwa akijikaza, huporomoka baadaye. Chukulieni mfano wa mama anayeuza vitenge. Jumatatu anajihisi nafuu, anapanga mzigo, anapanda ngazi za ghorofa mara tatu. Jumanne au Jumatano hawezi kuinuka kitandani. Majirani waliomwona Jumatatu akichapa kazi husema anajidekeza. Kumbe amekula mtaji wa mwili wake, na sasa deni linadaiwa.

Sasa tuitazame ile dalili ya kusimama. Mwilini tuna neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru. Ndizo zinazoongoza mapigo ya moyo, upana wa mishipa ya damu, jasho na usagaji wa chakula. Mtu anaposimama, damu ipatayo nusu lita au zaidi hushuka tumboni na miguuni. Neva hizo huibana mishipa mara moja na kuuharakisha moyo kidogo, ili damu iendelee kufika kichwani. Ni kama pampu za maghorofa yetu zinazopandisha maji kutoka tangi la chini hadi simtanki la juu. Pampu ikilegea, maji yapo chini tele, lakini wa juu hapati kitu. Kwa wagonjwa wengi wa uchovu sugu, kazi hiyo ya neva imevurugika. Ndiyo maana kusimama foleni peke yake huwa kazi nzito kwao.

Maradhi haya hutokea wapi? Mara nyingi huanza baada ya homa ya maambukizi. Sisi wa Dar es Salaam tunazijua homa za virusi. Dengue ilitusumbua mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Tanzania, katika nchi ya Wamakonde, mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kupinda. UVIKO-19 iliingia nchini Machi 2020. Wengi walioziugua homa hizi walipona kabisa. Baadhi walibaki na uchovu au maumivu kwa miezi, na baada ya UVIKO-19 hasa, madaktari wa nchi nyingi wamewaona watu wakibaki na uchovu sugu pamoja na mvurugiko wa neva niliouelezea.

Wagonjwa hawa hawakuaminiwa upesi. Mwaka 1955 maradhi ya namna hii yalizuka miongoni mwa wafanyakazi wa hospitali ya Royal Free jijini London. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba yalikuwa hofu ya kundi tu, na hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba wengi walioathirika ni wanawake. Ilipofika 2015, jopo la wataalamu nchini Marekani lilitamka wazi kwamba haya ni maradhi ya mwili. Mwaka 2021 mwongozo wa Uingereza ukaacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyobadilika.

Ndugu wananchi, hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha uchovu sugu. Lakini msisubiri miezi 6 ndipo mwende kituoni, maana uchovu unaweza kutoka kwa upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, VVU, malaria, tezi ya shingo, sonona au ujauzito, na yote hayo yana vipimo na huduma. Ombeni pia kupimwa mkiwa mmelala na mkiwa mmesimama. Mgonjwa hulala dakika 5 au zaidi, akapimwa mapigo na shinikizo la damu; kisha husimama, na hupimwa tena mara kadhaa hadi dakika ya 10, huku mtu akiwa karibu asije akaanguka. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki huko bila shinikizo kushuka, ni ishara ya tatizo la neva hizo. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 au zaidi, hilo nalo lina sababu zake, zikiwamo baadhi ya dawa na upungufu wa maji mwilini. Kazi hii yahitaji kitanda, saa na mashine ya presha tu. Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Panapohitajika rufaa, zipo Mnazi Mmoja, Amana na Muhimbili.

Anayezimia akiwa kazini, anayebanwa na kifua, anayelegea upande mmoja wa mwili au anayetokwa damu apelekwe hospitali mara moja.

Dawa ya kuuponya uchovu sugu haijapatikana, lakini nafuu ipo. Kazi igawanywe vipande vidogo, na mapumziko yaje kabla ya kuishiwa nguvu. Auzaye akae kwenye kigoda. Aamkaye akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Maji yanywewe ya kutosha. Chumvi isiongezwe ila kwa ushauri wa daktari, hasa kwa wenye presha au maradhi ya figo. Dripu za kununua na vinywaji vya kuongeza nguvu havitibu maradhi haya. Humpa mtu ujasiri wa kujikaza leo, akaporomoka kesho.

Neno langu la mwisho ni kwa familia na wenzi wa kazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huficha anapoogopa kuitwa mvivu au kuambiwa amerogwa. Mshikieni meza nusu saa alale. Mbebeeni mzigo hadi ghorofani. Msindikizeni kituoni, mkaeleze mliyoyaona, kwa kuwa siku anapofika mbele ya daktari huenda ndiyo siku anayoonekana mzima.