Hesabu ya Mchungaji Mwema



Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei, tunapotaja haki huwa tunafikiria mahakama, ardhi na mishahara. Ni mara chache tunafikiria hesabu. Lakini hesabu nayo yaweza kudhulumu, na mfano wake tunaupata Marekani.

Tangu mwaka 1942 nchi hiyo ina mtihani uitwao GED, ulioanzishwa kwa ajili ya askari walioacha masomo kwenda vitani. Anayefaulu hupewa cheti kinachotajwa kuwa sawa na cha kumaliza sekondari. Jambo hilo ni jema. Mtu aliyeacha shule, kisha akajisomea usiku baada ya kazi, anastahili heshima yetu.

Dosari ilikuwa katika takwimu, ambazo kwa miaka mingi ziliwachanganya wenye cheti hicho na waliomaliza shule. Mwaka 1993 wachumi Stephen Cameron na James Heckman walionyesha kwamba katika soko la kazi wenye GED hawakuwa sawa na wahitimu. Hali yao ilikaribiana na ya walioacha shule bila cheti. Mwaka 2010 Heckman na Paul LaFontaine walionyesha kwamba pengo kati ya Wazungu na watu weusi katika kuhitimu halikuwa limepungua kwa miaka 35. Sehemu isiyo ndogo ya usawa uliotangazwa ilitokana na wanaume weusi waliopata cheti hicho gerezani. Tutafakari, wapendwa: kijana anapotea shuleni, anafungwa, kisha cheti chake cha gerezani kinakuwa ushahidi kwamba elimu inasonga mbele!

Mwaka 2008 serikali kuu ya nchi hiyo ilitoa kanuni kwamba walioanza sekondari pamoja wafuatiliwe pamoja, na ahesabiwe kuwa mhitimu yule tu aliyepata cheti cha kawaida cha shule. Kanuni hiyo haikumnyang'anya mtu yeyote cheti chake. Iliondoa pazia tu.

Mchungaji wa Injili, mwenye kondoo 100, alijua mmoja amepotea kwa sababu alihesabu kwa ukweli. Kama angejiridhisha kwamba zizi limejaa, asingetoka kwenda kumtafuta. Naye Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliuweka ukweli kuwa msingi wa amani, pamoja na haki, upendo na uhuru.

Nasi Tanzania tunao Mtihani wa Maarifa na watahiniwa wa kujitegemea. Wanaofaulu kwa njia hiyo tuwapongeze kwa moyo. Hata hivyo, katika jumuiya zetu ndogo ndogo na katika mikutano ya wazazi, tuulize: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kidato cha nne ni wangapi? Waliopungua katikati wana majina na wana wazazi. Tuyatafute majina hayo, kisha twende tukabishe hodi.