Galaksi Mbili Juu ya Mlango wa Ruvuma: Kufundisha Elimu ya Anga kwa Macho Matupu



Yeyote aliyekesha baharini Msimbati usiku wa giza ameyaona madoa mawili meupe upande wa kusini, juu ya mlango wa Ruvuma na pwani ya Msumbiji. Kwa haraka utadhani ni mawingu mepesi, lakini upepo uvume utakavyo hayatawanyiki, na mwakani utayakuta palepale kati ya nyota zilezile. Hizo ni galaksi kibete mbili, jirani wa galaksi yetu kubwa ya Njia Nyeupe. Vitabu vinaziita Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan. Nuru ya lile kubwa husafiri miaka kama 163,000 kabla ya kufika kwenye jicho la mvuvi. Ya lile dogo, takriban miaka 200,000.

Hoja yangu ni kwamba tunafundisha galaksi kwa picha za kitabuni ilhali sisi wa kusini tumejaliwa kuwa na kitu chenyewe. Mtwara ipo nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo Wingu Kubwa hupanda hadi nyuzi 30 juu ya upeo wa macho: nyoosha mkono, panga ngumi tatu kutoka usawa wa bahari, utalifikia. Mtu wa London halioni maisha yake yote. Hata ndugu zetu walioko Maskati hawalipati, kwa kuwa katikati yake haichomozi kabisa kwao.

Naomba nikae kidogo kwenye Wingu Dogo, maana mchango wake hausemwi inavyostahili. Mwanzoni mwa karne iliyopita Henrietta Leavitt, mtumishi wa kituo cha anga cha Harvard nchini Marekani, alikuwa akipima nyota kwenye picha za vioo zilizopigwa Arequipa, Peru. Alizishughulikia nyota zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko maalumu. Mwaka 1912 ilichapishwa kazi yake juu ya nyota 25 za aina hiyo ndani ya Wingu Dogo, ikionyesha kwamba kadiri nyota inavyong'aa zaidi ndivyo inavyochukua siku nyingi kukamilisha mzunguko wake. Siri ya ugunduzi huo ni mahali alipotazama. Nyota zote za wingu hilo zipo karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kwa hiyo inayoonekana hafifu ni hafifu kweli, haikufifishwa na umbali. Kuanzia hapo, ukihesabu siku za mzunguko unajua nguvu halisi ya nyota, na ukijua nguvu yake unapata umbali wake. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alitumia kipimo hicho kuthibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje kabisa ya yetu. Ufunguo wa mlango huo ulitoka kwenye doa ambalo mwanafunzi wa Msimbati anaweza kulinyooshea kidole.

Tumezoea kusema galaksi ndogo huizunguka kubwa, basi. Mambo si mepesi hivyo. Vipimo vya darubini ya Hubble vya mwaka 2006 vilionyesha kwamba mawingu haya yanakwenda kasi kuliko ilivyodhaniwa, na wataalamu wengi sasa wanaona kuwa hii huenda ndiyo mara yao ya kwanza kupita karibu nasi. Isitoshe, Wingu Kubwa ni zito kiasi cha kuivuta Njia Nyeupe yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikadiria kuwa sahani ya nyota tunamoishi inavutwa kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Darasani jambo hili halihitaji maabara: msimamishe kijana mkubwa, ashikane mikono na mtoto wa darasa la pili, wazunguke. Darasa zima litaona mkubwa naye anayumba.

Historia nayo imo. Ferdinand Magellan, kabla ya safari iliyompa umaarufu, alikuwa katika msafara wa Francisco de Almeida ulioivamia Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi uliofuata. Mwaka 2023 mwanaastronomia Mia de los Reyes alipendekeza mawingu haya yapewe jina jingine. Mimi namuunga mkono, na sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kuchangia mjadala huo. Mwanafunzi akilikuta jina la Magellan kwenye mtihani, aelezwe pia habari za Kilwa.

Sasa utekelezaji. Wakati mzuri ni Novemba, kabla mvua hazijashika. Chagueni usiku wa mwezi mwandamo, giza linapokuwa totoro. Katikati ya Novemba, mnamo saa tatu u nusu usiku, Wingu Dogo huwa juu kabisa kusini, na Wingu Kubwa linapanda kushoto kwake. Ikifika saa sita yote mawili yamesimama vizuri. Usiku huo maji ni ya bamvua, na kwenye saa nne hivi bahari imekupwa mbali, kwa hiyo wapo watu pwani na wazee wa kuuliza majina ya nyota. Macho yapewe dakika ishirini yazoee giza, simu zizimwe.

Giza hilo tusilichukulie kuwa litadumu lenyewe. Tangu gesi ianze kuchimbwa Ghuba ya Mnazi, taa zimeongezeka, na mji wetu wa Mtwara unakua. Sipingi maendeleo, naomba taa zifunikwe juu, zimulike chini panapohitajika. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 2000 inalinda fukwe wanakotaga kasa, na watoto wa kasa wakianguliwa hupotezwa na taa, wakaelekea nchi kavu badala ya majini. Taa inayomsaidia kasa inamsaidia pia mwanafunzi wa nyota, kwa gharama ileile.

Na elimu hii haiishii ufukweni. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji ni mshirika wa mradi mkubwa wa darubini za redio, SKA, unaojengwa Afrika Kusini na Australia. Kenya imo. Tanzania haimo kati ya nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini tangu awali. Vijana watakaotuingiza huko wako madarasani mwetu leo.

Kwa hiyo naiomba semina hii iazimie kwamba kila shule ya sekondari ya pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, itenge usiku mmoja wa Novemba kwa ajili ya anga, na kwamba halmashauri iandikiwe kuhusu taa za ufukweni kabla ya msimu ujao wa kasa.