Usingoje Mtoto wa Jicho Akomae

Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza. Kama redio ni ya jirani, mwombe aongeze sauti kidogo. Leo tunazungumza kuhusu macho, na hasa kuhusu kazi ya daktari wa macho. Kazi hiyo imebadilika sana, lakini wengi wetu bado tunafuata mashauri ya zamani.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza chuo cha uuguzi nilipelekwa katika zahanati moja ya mashambani. Siku moja alikuja mzee akiongozwa na mjukuu wake. Mtoto alishika ncha moja ya mkongojo, mzee akashika nyingine. Ilikuwa siku ya shule. Nilimulika kwa tochi nikaona ukungu katika mboni ya jicho la kulia. La kushoto halikuwa na ukungu mwingi, ingawa alisema nalo linamsumbua. Nikamwambia, "Mzee, huyu ni mtoto wa jicho, lakini bado hajakomaa. Ngoja akomae, ndipo uende hospitali." Ndivyo nilivyowasikia walionitangulia kazini wakisema, nami nikasema vivyo hivyo.

Mzee alirudi baada ya karibu miaka miwili, siku ambayo wahudumu wa macho kutoka hospitali kubwa walikuja kwetu. Jicho la kulia lilipasuliwa, akaona. La kushoto halikuweza kusaidiwa. Lilikuwa limeharibiwa na presha ya jicho, yaani glakoma, na wakati wote huo hakuna aliyempima. Mimi niliona mtoto wa jicho, nikaacha kutafuta kitu kingine. Mzee akaniambia kwa upole, "Binti yangu, uliniambia ningoje, nikangoja." Maneno hayo sijayasahau.

Je, kwa nini tulikuwa tukisema "ngoja"? Zamani upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuwa mzito. Daktari alikata sehemu kubwa ya jicho, akatoa lenzi yote, na mgonjwa akalala kitandani siku kadhaa bila kutikisa kichwa. Baadaye alipewa miwani minene kama kitako cha chupa. Kwa hiyo haikufaa kumpasua mtu ambaye bado anaona.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1949, daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa mjini London. Ilichukua miaka mingi njia hiyo kukubalika na kufika kwetu. Siku hizi daktari hukata tundu dogo, hutoa lenzi iliyoingia ukungu, na kuweka lenzi mpya mahali pake. Jicho hutiwa ganzi. Kwa kawaida mgonjwa mzima huwa macho, akisikia sauti bila kuhisi uchungu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hivyo basi, wakati wa kwenda kupimwa ni pale unaposhindwa kufanya kazi zako: kuchambua mchele, kusoma, kutambua uso wa mtu njiani. Huna haja ya kungoja giza.

Badiliko la pili ni hili: daktari wa macho hafanyi kazi peke yake. Madaktari bingwa wa macho ni wachache hapa Kenya, na wengi wako mijini. Kama kila jicho jekundu lingemngoja yeye, foleni isingeisha. Ndiyo maana kazi imegawanywa.

Wa kwanza ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayekutembelea nyumbani, pamoja na sisi wauguzi wa zahanati. Kazi yetu ni kutambua tatizo mapema na kukutuma mahali panapofaa.

Wa pili ni afisa wa kliniki wa macho. Huyu amesomea magonjwa ya macho baada ya mafunzo yake ya kwanza. Hutibu magonjwa mengi, na wengine wao wamefunzwa hata kupasua mtoto wa jicho. Usivunjike moyo ukiambiwa, "Daktari bingwa hayupo, utaonwa na afisa." Katika sehemu nyingi za nchi yetu, maafisa hawa ndio waliobeba mzigo.

Wa tatu ni mtaalamu wa kupima macho kwa ajili ya miwani. Kazi hii siku hizi husomewa hadi digrii, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega. Hakupimi miwani peke yake. Akiona dalili ya ugonjwa, atakutuma kwa daktari.

Wa nne ndiye daktari bingwa. Hubakiwa na kesi ngumu: glakoma iliyokaidi dawa, pazia la nyuma ya jicho lililoharibiwa na kisukari, macho ya watoto wachanga, na ajali. Pia huwafundisha wenzake na kusimamia kazi yao.

Badiliko la tatu ni vifaa. Huko Nakuru, watafiti walijaribu programu ya simu ya kupima uwezo wa kuona, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba majibu yake yanakaribiana na yale ya chati ya ukutani. Baadaye, katika kaunti ya Trans Nzoia, walimu walifunzwa kupima wanafunzi kwa simu, na wazazi wakapata ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kuwapeleka watoto hospitali. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Katika shule zilizotumia simu, watoto 54 kati ya kila 100 waliotumwa hospitali walifika. Katika shule nyingine walifika 22 tu. Ona basi, mzazi: hata pale simu ilipotumika, karibu nusu ya watoto hawakufika. Mashine inaweza kuona tatizo, lakini haiwezi kumshika mtoto mkono na kumpandisha matatu.

Msikilizaji, kama kazi ya daktari imebadilika, yetu nayo lazima ibadilike. Nakuomba ukumbuke mambo matano.

Moja. Ukifika miaka 40, pimwa macho na pia presha ya macho. Glakoma kwa kawaida haiumi. Huanza kula pembeni, nawe hujui mpaka uanze kujigonga milangoni. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, lakini dawa au upasuaji huweza kulinda uliobaki. Kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja anayo, usichelewe.

Mbili. Ukiwa na kisukari, pimwa nyuma ya jicho kila mwaka hata kama unaona vizuri. Ukingoja ukungu, umechelewa.

Tatu. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au makengeza yasiyokwisha, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Huenda ikawa ni saratani ya jicho, na ikiwahiwa mtoto huweza kupona. Usikubali kuambiwa na majirani kwamba ataacha akikua.

Nne. Usinunue dawa ya matone kwa kubahatisha, wala usitumie iliyobaki kwa jirani. Baadhi zina steroidi. Hizo huondoa wekundu haraka, lakini zikitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na tafadhali, usitie jichoni maziwa ya mama, sukari, wala maji ya majani.

Tano. Uliza gharama mapema. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Jisajili, halafu uliza hospitali ni kitu gani kitalipiwa na ni kipi utajilipia. Uliza pia kama kuna siku ambayo wahudumu wa macho watatembelea zahanati iliyo karibu nawe.

Wengine huniuliza, "Sista, mama yangu ni mzee sana, ya nini kumsumbua na upasuaji?" Nami huwauliza, ni nani anayemwongoza mama huyo kwenda chooni usiku? Mara nyingi ni mtoto wa shule. Ukimrudishia nyanya macho, umemrudishia na mjukuu darasa lake.

Kabla sijakuaga, nakupa kazi ndogo. Kesho asubuhi, kaa mlangoni na watu wote wa nyumba yako. Kila mmoja azibe jicho moja kwa kiganja, bila kulifinya, atazame mti au paa la mbali. Kisha azibe la pili. Kama jicho moja linaona vibaya kuliko jingine, au yote mawili yana ukungu, msijadiliane sana. Njooni zahanati. Mkiambiwa mngoje, ulizeni: tunangoja nini, hadi lini, na je, presha ya jicho imepimwa? Muuguzi mwema hatakasirika kuulizwa hivyo. Laiti mzee wangu yule angeniuliza.

Ni mimi muuguzi wako wa jamii. Nakutakia afya njema na macho mema. Tukutane wiki ijayo, saa hizi hizi. Kwaheri.