Nani Yumo Kwenye Ramani?

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa sekondari, wilaya za Mbulu na Hanang)



Najua mmezoea kwamba akija mtu wa afya, basi ni UKIMWI au ni mimba za utotoni. Leo nataka tuzungumze juu ya ramani. Tena ramani za mijini, mitaro, namba za nyumba na simu. Msishangae, subirini kidogo mtaona kwa nini hii ni habari ya afya.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka London, Uingereza, katika mtaa wa Soho. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alipita akiuliza nani amekufa na alikuwa akichota maji wapi. Baadaye akaweka alama kwenye ramani, alama moja kwa kila aliyekufa. Alama zilijaa kuzunguka pampu moja ya maji, ile ya Broad Street. Wakati huo mpini wa pampu ulikuwa umeshaondolewa. Hakuwa na kompyuta, wala hakuwa amemwona mdudu wa kipindupindu. Alikuwa na maswali mazuri na karatasi.

Sasa tuje nyumbani. Pale Dar es Salaam ziko sehemu kubwa zilizojengwa bila mpango. Tandale ni mojawapo. Kwenye ramani za zamani sehemu kama hizo zilionekana kama uwanja mtupu, na huku maelfu ya watu wanaishi, wanapika, wanazaa. Mwaka 2011 wanafunzi wa chuo na wakazi wa Tandale waliingia vichochoroni na vifaa vidogo vya GPS, wakaichora. Mwisho wa mwaka huo huo mafuriko yakaua watu zaidi ya 40 jijini. Mwaka 2015 ukaanza mradi mkubwa zaidi, Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walifanya kazi pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe, na ramani ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaweza kuiona bure na hata kuirekebisha.

Walikuwa wakiandika nini? Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Walipima mtaro: upana wake, kina chake, umejengwa kwa saruji au ni udongo tu, umeziba au la. Walimwuliza mama mwenye nyumba, mwaka ule maji yalifika wapi, magotini au kiunoni? Jambo ambalo bibi alilijua miaka yote, lakini halikuwa limeandikwa popote ofisini, likawa namba kwenye ramani. Mwenyekiti wa mtaa akienda kwa mhandisi na karatasi hiyo, hawezi kuambiwa tu kwamba tatizo lake halijulikani.

Zanzibar nao, kuanzia 2016, walitumia ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za Unguja na Pemba, na vijana wa chuo wakiwa miongoni mwa warushaji.

Lakini jamani, tusidanganyane. Ramani haichimbi mtaro. Unaweza ukawa na picha safi kabisa ya kalavati lililoziba, na mvua inayofuata likakufurikia vile vile, kwa sababu fedha haikutengwa au watu wameendelea kutupa taka humo. Ninyi mnaosoma uraia mnajua bajeti inapitishwa na nani. Ramani inakupa hoja ya kumpelekea diwani. Kusukuma ni kazi yenu.

Tena si mambo ya Dar peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023, sote tunaikumbuka. Mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya Mlima Hanang ikanywa maji, ikameguka, na tope, mawe na miti vikashuka hadi Katesh, Gendabi na kwingine. Walikufa watu zaidi ya 80. Wapo humu ndani waliopoteza ndugu, nami sitaki kulizungumza kwa wepesi. Nasema hivi tu: tope likishafunika nyumba, swali la kwanza la mwokoaji ni hapa palikuwa na nyumba ngapi, na nani alikuwa ndani? Jibu zuri ni lile lililoandikwa kabla. Na kabla ya hapo kuna swali jingine: maji ya mlima hupita korongo gani, na nani amejenga njiani mwake?

Serikali nayo imeanza kuyaandika hayo. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, tukahesabiwa watu 61,741,120. (Huenda kishikwambi alichonacho mwalimu wako ndicho kilichobisha hodi kwenu, maana vilipelekwa kwa walimu baadaye.) Mwaka huo huo zikabandikwa namba za nyumba na vibao vya barabara, anwani za makazi. Wengine walicheka, ati namba kwenye nyumba ya udongo ya nini? Mpigie simu dereva wa gari la wagonjwa usiku, halafu umwelekeze kwa mti wa mkuyu.

Jiulizeni pia nani anaachwa. Familia inayohama na ng'ombe, namba yake inabandikwa wapi?

Kuna upande wa pili. Mtaro hauna siri, wewe unayo. Msichana akienda kliniki, au kijana akipima virusi vya UKIMWI, jina lake linaandikwa, na siku hizi mara nyingi linaingia kwenye kompyuta. Idadi ya waliopima inamfaa mganga mkuu kupanga dawa. Jina lako halimhusu jirani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023, na habari za afya yako zinalindwa humo. Una haki ya kuuliza: mnaandika nini, cha nini, na nani atakisoma? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Na karatasi ya rafiki yako ya kliniki haipigwi picha ikatumwa kwenye kundi la simu, hata kwa utani.

Basi, tuingie kwenye maswali. Andikeni kwenye vipande vya karatasi, mkunje, mtumbukize kwenye boksi hili. Msiweke majina.