Wiki yenye Tano Mbili

Hebu itazame kalenda iliyotundikwa ukutani. Jumatano ni siku ya tano, tukianza kuhesabu Jumamosi. Kesho yake ni Alhamisi, neno lililotoka Kiarabu, nalo pia lina maana ya tano, ila Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Tano mbili zimelala kitanda kimoja, wala hakuna anayelalamika!

Tatizo liko kwenye saa. Mwambie mgeni kutoka Ulaya, "Tukutane saa tatu asubuhi," naye akitafsiri neno kwa neno atadhani unamwamsha alfajiri mbichi. Sisi hesabu yetu huanza jua linapochomoza. Mwethiopia hatashangaa: Addis Ababa nako, saa inayosomeka 9:00 kwenye simu huitwa saa tatu, sawa na Mombasa au Dar es Salaam.

Kwa hiyo ukipanga miadi na mtu wa mbali, usione haya kuuliza: saa ya kwenu au ya kwetu? Na tiketi ya ndege ikiandikwa 03:00, hiyo ni saa tisa usiku. Ukija saa tatu asubuhi, utakuta uwanja umebaki na wafagiaji.