Tuipimie Ardhi Mbolea Kama Tunavyopima Maji ya Mfereji

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa walimu na watumishi wa Serikali katika kijiji cha Samunge, Wilaya ya Ngorongoro.)



Nimeombwa niseme juu ya mbolea. Jambo hili huonekana kuwa la bwana shamba peke yake, lakini sivyo. Tangu Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilipotangaza kwamba siasa ni kilimo, mtumishi aliye kijijini huulizwa habari za shamba, apende asipende. Mwalimu huulizwa njiani, karani huulizwa dirishani. Hapana budi basi tujue tunalojibu, kwani jibu letu hugharimu fedha ya mtu.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilimshauri mzee mmoja anunue yurea kwa ajili ya mahindi yake. Mzee aliuza mbuzi wawili, akanunua, akaweka kama nilivyomwagiza, kisha zamu yake ya maji ilipofika akafungulia mfereji ukafurika shamba zima. Mahindi yalikwenda juu, yakapendeza machoni, lakini wakati wa kuvuna magunzi yalikuwa membamba na punje za kuhesabika. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa upole, kama mbuzi wake wawili ndio waliogeuka kuwa yale majani. Swali hilo sijalisahau.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalikuwa yangu. Kwanza, sikuuliza ardhi ile ilipungukiwa na nini. Mmea hula vyakula vingi, na vikuu ni vitatu: naitrojeni ya kukuza majani, fosforasi ya kujenga mizizi na kusaidia punje, na potasiamu ya kuimarisha mmea. Kikipungua kimoja, hata ukiongeza vingine maradufu, mavuno hayatapita kiasi cha kile kilichopungua. Ardhi ya mzee ilikuwa na njaa ya fosforasi, nami niliilisha naitrojeni. Pili, naitrojeni ya mbolea huyeyuka na kufuata maji. Maji yakizidi huizamisha chini, mbali na mizizi. Lakini pia yurea ikiachwa wazi juu ya udongo wenye magadi hugeuka hewa na kupotea. Dawa yake ni kuifukia, kuigawa mara mbili, na kufungulia maji ya kiasi.

Ndugu zangu, hapa Samunge sikupaswa kufundisha kipimo, nilipaswa kujifunza. Wasonjo, ambao hujiita Batemi, wamelima kwa mifereji tangu enzi za mababu. Baraza la wenamiji husimamia maji, na kila mmoja hupata kwa zamu. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa maji ni mema basi kila shamba lifurike. Kwa nini basi tunasema kwamba kwa kuwa mbolea ni njema, kila shamba lipewe mfuko uleule?

Kosa hili lilikuwa pia la taifa zima. Katika miaka ya 1970, Mpango wa Taifa wa Mahindi ulipeleka mbegu na mbolea vijijini, na kiwanda cha Tanga kilianza kutengeneza mbolea ya chumvichumvi mwaka 1972. Nia ilikuwa njema na wengi walivuna. Lakini agizo moja lilitolewa kwa maeneo mapana yenye udongo wa namna nyingi. Mbolea ya salfeti ya amonia, kwa mfano, ikitumiwa mwaka baada ya mwaka katika ardhi ambayo tayari ni chachu, huzidisha uchachu huo.

Tazameni pia Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako fosfeti huchimbwa. Fosfeti ghafi ile huyeyuka vizuri katika udongo mchachu, lakini katika udongo wenye magadi hulala kama changarawe. Ukaribu wa mgodi si sababu ya kutosha ya kuitumia. Ni udongo unaoamua.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Ekari moja ikitoa magunia kumi ya mahindi ya kilo 100, yaani tani moja, punje hizo huondoka na naitrojeni kiasi cha kilo 15 na fosforasi kama kilo 3. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni kilo 23, lakini mara nyingi mmea haupati zaidi ya nusu yake. Mfuko wa DAP wa uzito huohuo una naitrojeni kilo 9 na fosforasi kama kilo 10. Kwa hiyo anayeweka DAP kila mwaka katika ardhi yenye fosforasi ya kutosha anazika fedha, na anayeweka yurea peke yake katika ardhi isiyo na fosforasi anarudia kosa langu. Mabua nayo yakichomwa au kuuzwa, shamba limetozwa kodi ya pili.

Kabla ya kununua, tutumie vilivyopo. Samadi ya mbuzi, ikihifadhiwa isipigwe jua na mvua, hurudisha vyakula vyote vitatu na kuufanya udongo ushike maji. Wenzetu wa Karatu huchanganya mahindi na mbaazi, na mbaazi huvuta naitrojeni kutoka hewani bila malipo.

Ushauri wangu ni huu. Kila shule yenye shamba itenge vipande vinne vilivyo sawa: kimoja kisiwekwe kitu, cha pili kiwekwe samadi, cha tatu mbolea ya kupandia na ya kukuzia, cha nne samadi pamoja na nusu ya mbolea hizo. Wanafunzi wapime mavuno na kuandika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tena tukusanye udongo wa juu kutoka sehemu nyingi za shamba, tuuchanganye, tuukaushe kivulini, na kuupeleka upimwe maabara.

Katika msimu wa 2022/23 Serikali ilianza tena kutoa ruzuku ya mbolea. Ruzuku hupunguza bei. Haiwezi kuifanya mbolea isiyofaa ifae. Mtu akituuliza, tusikimbilie kutaja jina la mfuko. Tumuulize kwanza: shamba lako lilitoa nini mwaka jana, na wewe ulilirudishia nini?